Ng'ombe wa Mama Mkwe Hakuwa Mgonjwa

Vijana wa ofisi ya mifugo waliponiaga walinipa saa ya ukutani, nadhani ili nijue ni saa ngapi siendi kazini. Kisha Chelangat, ambaye sasa ndiye anakalia meza yangu, akaniomba niwaandikie kurasa chache za yale niliyoyaona kwa ng'ombe na kwa wenye ng'ombe. Alisema nisiwatukane wakulima. Nitajaribu. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaupokea wenyewe, mnajua.

Siku yangu ya kwanza nilitumwa kwa mzee mmoja upande wa Kaplong kumpandisha ng'ombe kwa mrija. Chuoni tulifunzwa kwamba ng'ombe husimama ndani ya kibanda, amefungwa, ametulia. Huyu alikuwa amefungwa kwa kipande cha leso kwenye mparachichi. Nikavaa glavu ndefu inayofika begani, nikaingiza mkono wa kushoto, na papo hapo ng'ombe akaamua kwenda mtoni. Sasa, mkono wako ukiwa ndani ya ng'ombe na ng'ombe anatembea, na wewe unatembea. Mtauliza kwa nini sikuutoa. Mbegu niliyopewa asubuhi ile ilikuwa moja tu, ilikuwa tayari kwenye mrija mkono wa kulia, na nilikuwa na hofu ya kurudi ofisini kusema nimeipoteza. Basi tukashuka pamoja hadi mtoni. Njiani nilisalimia watu watatu, mmoja wao mchungaji wa kanisa letu, ambaye aliniuliza habari za nyumbani na kunisimulia za kwake. Ng'ombe alipoinama kunywa maji nikamaliza kazi. Alishika mimba, na yule mzee akawaambia majirani kwamba huo ndio utaratibu mpya wa serikali.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mzee Bett, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alivaa tai na gambuti kila siku, hata Jumamosi. Alikuwa na sheria moja tu na aliirudia mpaka unaota nayo: ukifika kwa mkulima, usifungue mkoba. Simama mbali, tia mikono mfukoni, mwambie mwenye ng'ombe amtembeze, na wewe utazame. Mikono ikiwa mfukoni, alisema, macho yanafanya kazi. Mikono ikitoka, inaanza kupima joto na kudunga sindano, na macho yanaenda likizo. Nilimwona akijua ugonjwa wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya barabara, huku anakula mahindi ya kuchoma.

Juu ya vifaa sina mengi. Kipimajoto kifungeni uzi, na mwisho wa uzi kibanio cha nguo, mkibane kwenye mkia. Kipimajoto changu cha kwanza kiliingia na hakikuonekana tena mpaka siku ya pili, na mwenye ng'ombe alikuwa mwalimu wa sayansi. Mtungi wa baridi wa kuwekea mbegu msiuweke karibu na jikoni la mtu, maana ule moshi wake mweupe utawafanya mama wa nyumba waanze kuomba kwa sauti. Na gambuti nunueni kubwa kidogo, mtakimbia sana.

Kuhusu wakulima, nitasema jambo moja na si tusi. Mkulima akikuuliza habari za ng'ombe wa jirani, ujue ni ng'ombe wake. Amempa dawa ya kupe anywe, ama amemdunga mwenyewe kwa sindano ya mtoto, na anaona aibu. Kwa hiyo anakuuliza, kwa mfano tu, kama jirani angefanya ujinga kama huo, ingekuwaje. Nilijifunza hilo mwaka wangu wa pili. Nililifundisha kwa wengine, Chelangat ni shahidi. Ndiyo sababu kesi ninayoenda kuwaeleza sasa inaniuma mpaka leo, ingawa nyumbani wanaicheka kila tukikutana.

Mama yake Rael, mke wangu, tunamwita Kogo, yaani nyanya, kama wanavyomwita watoto wangu. Anaishi peke yake, dakika kumi na tano kwa pikipiki kutoka kwangu, na shamba dogo la majani chai, mahindi kidogo, na ng'ombe mmoja mweusi na mweupe anayeitwa Madam kwa sababu hapendi kuharakishwa. Sisi Wakipsigis wa rika langu tunamheshimu mama mkwe kwa umbali. Hatupeani mikono. Hatuulizani habari za mwili. Nikifika kwake yeye hukaa mlangoni mwa jikoni, mimi hukaa kwenye ndoo karibu na zizi, na tunaongea wote tukimtazama ng'ombe. Kwa njia hiyo tumeongea miaka mingi. Naweza kusema hakuna mwanamume wa Bomet aliyezungumza na mama mkwe wake zaidi kuliko mimi, mradi mazungumzo yawe ya ng'ombe.

Kogo akapata saratani. Ilikuwa mahali ambapo mkwe haulizi, nami sikuuliza. Nilichojua ni kwamba kila baada ya wiki tatu Rael alimpeleka hospitali kuwekewa dripu. Dripu zikaisha, ugonjwa ukarudi, zikaanza nyingine, na hivyo hivyo mpaka mwaka wa tatu. Lakini dawa ilikuwa inafanya kazi. Kogo aliongeza mwili, akarudi kanisani, akaanza tena kugombana na kwaya juu ya gitaa. Sisi tukaona sasa tumevuka.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Rael akaniletea ujumbe: mama anasema Madam ana shida ya miguu, nipite.

Nikapita. Kogo akanieleza akiwa mlangoni kwamba hiyo ng'ombe haisikii chini. Inakanyaga lakini haijui imekanyaga. Nikainua kwato zote nne, nikabonyeza viungo, nikapima joto na uzi wangu na kibanio changu. Madam alikuwa mzima kuliko mimi. Kwa kuwa nilikuwa nimekuja, nikamkata kwato ambazo hazikuhitaji kukatwa, naye akanipiga teke la paja.

Wiki mbili baadaye, ujumbe mwingine. Safari hii Kogo alisema ng'ombe anasikia kama anakanyaga pamba, na akilala vidole vinamchoma kama sindano. Mnasikia? Ng'ombe gani katika dunia hii amewahi kumwambia mtu kwamba anakanyaga pamba? Na ng'ombe ana vidole gani? Mimi, daktari wa ng'ombe wa miaka zaidi ya thelathini, nilitoa daftari nikaandika: anakanyaga pamba. Kisha nikamwekea Madam chupa nzima ya kalisiamu na sindano ya vitamini. Teke la pili lilipata paja lile lile.

Safari ya tatu Kogo alitaja kwamba juzi iliangusha kikombe. Nikauliza kikombe gani. Akasema cha chai, cha udongo, kile kizuri. Nikafikiri Madam amefungua mlango wa zizi akaingia jikoni, nikamshauri Kogo ainue uchaga wa vyombo na abadilishe komeo. Akaniambia ni sawa, atabadilisha.

Kabla sijaondoka akaniuliza swali, taratibu, macho yake yakiwa kwa Madam.

"Baba Kiprono, kama ng'ombe imewekwa dawa kali muda mrefu, na imezeeka, na miguu imeenda hivyo. Ninyi huwa mnafanya nini?"

Nikajibu kwa ile sauti yetu ya semina. "Kogo, ikifika hapo hatusumbuki nayo. Tunauza kabla haijaanguka."

Kisha akauliza kama ng'ombe yenyewe huwa inajua. Nikacheka, nikasema ng'ombe hajui kitu. Akanishukuru sana, akaniletea mursik, maziwa yetu ya mgando, nikanywa kibuyu kizima nikapanda pikipiki nikaenda zangu, nimeridhika na kazi ya siku.

Siku chache baadaye nilimkuta Rael analia jikoni kwetu. Mama yake alikuwa ameanza kugawa vitu. Blanketi zile nzito zimeenda kwa shangazi, vibuyu vimegawiwa wasichana, na mchungaji ameitwa kuulizwa nyimbo gani za mazishi ni fupi. Lililomtoa machozi zaidi ni kwamba Kogo alimpigia simu kusema asijisumbue Alhamisi kumpeleka kliniki. Ameachana na dripu. Rael alimwuliza kwa nini, mama akajibu tu kwamba amepata ushauri.

"Nani amempa ushauri kama huo?" Rael akaniuliza. "Mtu gani hana akili hivyo?"

Mimi pia nikamlaani huyo mtu. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaouza majani ya kutibu kila kitu pale sokoni. Tukajua wote wawili, akikosa dripu ugonjwa utarudi, na safari hii hautaondoka. Rael akaniomba niende nizungumze naye. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mkwe, nitazungumza naye juu ya nini? Akasema juu ya ng'ombe, kama kawaida, lakini nichungulie.

Nikaenda asubuhi yake. Nilimkuta Kogo yuko shambani, ameshika kamba ya Madam, anamtoa mahindini kumrudisha zizini. Sasa sikilizeni. Katika safari zote tatu sikuwa nimemwona Madam akitembea hata hatua moja, kwa sababu mwenye kushika kamba ni Kogo, na mkwe hasimami akamkodolea macho mama mkwe anavyotembea. Kwa ajili ya heshima niliiacha sheria ya Mzee Bett mlangoni. Lakini siku hiyo nilikuwa mbali, getini, na hawakuwa wameniona. Mikono ilikuwa baridi nikaitia mfukoni.

Madam alikuwa anatembea vizuri kabisa. Angeweza kwenda Longisa na kurudi.

Kogo ndiye aliyekuwa akiinua miguu juu mno na kuishusha kwa kishindo, pa, pa, macho yakiwa chini kana kwamba ardhi inaweza kuondoka. Kamba ilimponyoka mara mbili, na mara zote mbili aliendelea na vidole vilivyokunjwa, anavuta hewa, mpaka Madam alipomwacha nyuma. Kisha slipa ya mguu wa kulia ikachomoka ikabaki kwenye tope. Kogo akaendelea. Alipita juu ya visiki vya mahindi vilivyokatwa, vile vyenye ncha, peku, mguu unatoka damu, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Hatua kumi, kumi na tano. Hakuwa na habari.

Nilishika geti. Maneno yake yote yakanirudia moja moja, pamba, sindano, kikombe, halafu likaja jibu langu. Tunauza kabla haijaanguka. Nilikuwa nimemwambia mama wa mke wangu afe, halafu nikanywa mursik wake. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani, na nimewahi kumsalimia mchungaji nikiwa na mkono ndani ya ng'ombe.

Ningeweza kumwendea na kumwambia wazi. Vijana mtasema ndivyo ningefanya. Lakini ningemvua nguo hadharani, maana alikuwa ameficha jambo hilo ndani ya ng'ombe kwa miezi, na mahali alipoliweka ndipo nilipaswa kulikuta. Nikaingia, nikaketi kwenye ndoo yangu.

"Kogo," nikasema, "nilikosea juu ya hii ng'ombe."

Akasimama. "Ulikosea nini?"

"Nilisema iuzwe. Isiuzwe. Nilikuwa sijaiona ikitembea."

Sote wawili tukamtazama Madam, ambaye alikuwa anakula mfuko wa mbolea.

"Sasa umeiona?"

"Nimeiona. Si uzee. Ni ile dawa imechoma mishipa ya fahamu. Kuna daktari mkubwa kuliko mimi, anaweza kuipunguza ama aibadilishe. Lakini lazima aambiwe."

"Na akisema iache dawa kabisa, ugonjwa urudi?"

"Hiyo atapima yeye. Asipoambiwa atapima nini?"

Kisha akasema lile lililokuwa chini ya mengine yote, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Watoto wakijua, wataitoa hapa waipeleke mjini. Ikafungwe kwa nyumba ya watu."

Nikamwambia hiyo ng'ombe haiendi popote. Mimi ndiye daktari wake, nikisema inakaa hapa inakaa, na mwenye neno aje kwangu. Sikuwa na mamlaka yoyote ya kusema hivyo. Rael ana ndugu watano na wote ni wakali. Kogo akaitikia kwa kichwa, akaangalia chini, ndipo akaona hana slipa.

Alhamisi alienda kliniki. Mimi nilibaki kwenye benchi la nje, mahali pa mkwe, kwa hiyo haya nimeyapata kwa Rael. Daktari alikuwa binti mdogo kutoka Kisii. Alipomwuliza mgonjwa kama kuna lolote jipya, Kogo akamwambia kwamba nyumbani kuna ng'ombe ambayo haisikii miguu. Rael alitaka kuingia chini ya meza. Lakini daktari aliweka kalamu chini, akauliza, bila kucheka, hiyo ng'ombe imeanza lini. Akauliza kama inayumba ikifunga macho. Akauliza kama inaweza kufunga vifungo vya sweta. Kogo akasema inashindwa. Akauliza kama maji ya moto inayasikia, Kogo akasema inayaona tu yakitoa moshi. Baada ya hapo daktari akaomba, kwa heshima, kama anaweza kuangalia miguu ya mwenye ng'ombe. Akagusa vidole kwa pamba na kwa chuma kinachotetemeka, na Kogo, macho yamefungwa, aliendelea kungoja aguswe wakati alikuwa ameguswa kitambo.

Dawa ilibadilishwa, na dripu zikasogezwa mbali kidogo. Daktari alisema wazi kwamba mishipa ya fahamu inarudi polepole sana, na mingine hairudi, na hakuna anayejua ni ipi. Avae viatu vilivyofungwa. Maji ayapime kwa kiwiko. Na kila jioni nyayo zikaguliwe, maana kidonda asichokisikia kinaweza kumpotezea mguu.

Nani akague nyayo? Si mimi. Usiku huo huo nilifungua kioo cha pembeni cha pikipiki yangu, nikakifunga kwenye fimbo ya mti, kesho yake nikampelekea Kogo nikasema ni cha kuangalia kwato bila kuinama. Alikipokea akasema Madam atafurahi. Mimi niliendesha na kioo kimoja mpaka nikastaafu, na Chelangat, kama umekuwa ukijiuliza kuhusu ile pikipiki uliyorithi, basi ndiyo hiyo sababu. Wale ndugu watano nao walikuja na maneno yao. Niliwapa hotuba ya kitaalamu juu ya madhara ya kumhamisha mgonjwa malisho, mpaka wakachoka wakaenda.

Miezi ikapita. Ugonjwa haukurudi, na miguu pia haikurudi. Kogo alikuwa akiniambia, nikipita, kwamba ng'ombe ni vile vile, nami nilikuwa nikisema tungoje. Nilianza kuona kwamba nimemwahidi mtu kitu ambacho si changu.

Halafu juma lililopita, mimi tayari ni mstaafu, simu ikalia, na aliyepiga ni Kogo. Hajawahi kunipigia, ujumbe wake wote hupitia kwa Rael. Alisema nije sasa hivi, akakata. Nilichukua mkoba kwa mazoea nikaenda mbio.

Nilimkuta ameketi mlangoni mwa jikoni, kiatu kimevuliwa, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele yake juani. Wajukuu wawili wamesimama mbali kwa sababu amewakataza kusogea. Alikuwa amelowa machozi uso mzima. Nikauliza ng'ombe ana nini.

"Achana na ng'ombe," akasema. "Ni mimi. Kuja uone."

Nikasogea. Nikapiga magoti. Kwenye kidole gumba cha mguu wake kulikuwa na siafu mmoja, mkubwa, mwekundu, ameng'ata kwa nguvu zake zote.

"Nilikuwa nimesimama tu," akasema. "Nikamsikia. Nimemwacha hapo ndio uje umwone."

Nikauliza vidole vile vingine je. Akasema bado, hicho kimoja tu. Nikauliza kinauma sana.

"Sana," akasema, na alikuwa anacheka.

Nikafungua mkoba, nikatoa koleo ndogo, nikaileta karibu na kidole. Kogo akanishika mkono.

"Ngoja kwanza," akasema.